Santiago Ramón y Cajal: Mtafiti wa Mishipa ya Fahamu Aliyeanzia Nyumbani

Utangulizi

Kila mwanafunzi wa sekondari aliyesoma biolojia amewahi kuchora seli ya neva: kiini katikati, matawi mafupi upande mmoja na mkia mrefu upande wa pili. Mchoro huo ni wa kawaida mno hata ni nadra mwanafunzi kuuliza ulitoka wapi. Hali halisi ni kwamba kufikia mwaka wa 1888 wataalamu mashuhuri wa Ulaya walikuwa bado hawajakubaliana iwapo seli kama hiyo husimama peke yake, au iwapo ubongo mzima ni wavu mmoja ulioungana usio na mwanzo wala mwisho. Aliyechangia zaidi kulitatua suala hilo alikuwa Mhispania Santiago Ramón y Cajal. Sehemu kubwa ya kazi yake ya awali aliifanya nyumbani kwake, akiwa na hadubini, wembe, chupa chache za kemikali na kalamu ya kuchorea.

Wasemaji wa Kiswahili waliipa neva jina la kupendeza, mshipa wa fahamu. Ni jina linalodokeza kwamba ndani ya uzi huo mwembamba hupita hisia, kumbukumbu na mawazo ya binadamu. Makala haya yanasimulia maisha ya mtu aliyeufuata uzi huo hadi mwisho wake. Yanaangazia hasa mambo mawili: jinsi alivyofanya utafiti mkubwa kwa vifaa vichache, na jinsi alivyokabiliana na tatizo la kuandika kwa lugha ambayo wanasayansi wengi wa wakati wake hawakuisoma.

Kuzaliwa na Malezi

Santiago alizaliwa tarehe 1 Mei 1852 katika kijiji cha Petilla de Aragón, kaskazini mwa Uhispania. Kwa desturi ya Wahispania, mtu hubeba majina mawili ya ukoo, la baba likitangulia na la mama likifuata. Hivyo basi, Ramón lilitoka kwa babake, Justo Ramón, na Cajal likatoka kwa mamake, Antonia Cajal. Justo alikuwa mtu wa shoka. Alizaliwa katika ufukara, akaanza kazi kama mwanagenzi wa kinyozi aliyekuwa pia mpasuaji, kisha akajisomesha kwa taabu nyingi hadi akahitimu kuwa daktari. Familia yake ilihama kutoka kijiji kimoja hadi kingine ikifuata kazi. Mtu aliyepanda mlima wa namna hiyo kwa nguvu za mikono yake hakuwa na subira na mchezo. Alitaka mwanawe awe daktari, basi.

Mwana naye alikuwa na mapenzi yake. Alichora kila alichokiona, kwenye karatasi, kwenye kuta na kwenye milango ya watu. Justo aliamini kwamba uchoraji ni njia ya njaa. Ili kuumaliza ubishi, alimpeleka mtoto pamoja na picha aliyoichora ya mtakatifu kwa fundi aliyekuwa akipaka rangi kuta za kanisa, akamtaka atoe hukumu. Fundi akatamka kwamba mtoto yule hana kipaji. Hukumu ya mpaka rangi ikawa sheria nyumbani. Kalamu na karatasi zikapigwa marufuku, na Santiago akaanza kuchora kwa siri.

Utundu wake nao ulijulikana kijiji kizima. Alipokuwa na umri wa miaka 11 hivi, alitoboa gogo, akaunda mzinga, akaushindilia baruti na mawe, kisha akalilipua lango jipya la jirani. Alifungwa siku kadhaa katika jela ya kijiji, na babake hakufanya hima kumtoa. Shuleni mjini Jaca, alikosolewa na kuchapwa kwa kushindwa kukariri masomo asiyoyaelewa. Hatimaye babake alimwondoa masomoni kwa muda, akampeleka kuwa mwanagenzi wa kinyozi, kisha wa mshona viatu. Wakati huo hapakuwa na mtu aliyetarajia kwamba jina la kijana huyo lingevuka mipaka ya wilaya.

Kilichowapatanisha baba na mwana ni mifupa. Katika kiangazi cha mwaka wa 1868, Justo alimchukua Santiago usiku hadi kwenye makaburi ya zamani, wakaruka ukuta, wakakusanya mifupa iliyokuwa imezagaa, wakaipeleka nyumbani. Alinuia kumfundisha anatomia kwa kumshikisha mfupa wenyewe mkononi badala ya kumsomesha maneno ya kitabuni. Hapo kijana aligundua kwamba mfupa ni kitu cha kuchorwa. Kila tundu, kila mfereji na kila kona ilimtaka atazame tena. Kipaji ambacho babake alikuwa amekipiga vita kikawa sasa chombo cha masomo, na Justo mwenyewe akaanza kuitunza michoro ya mwanawe kwa fahari.

Vita, Homa na Hadubini ya Kwanza

Santiago alihitimu udaktari katika Chuo Kikuu cha Zaragoza mwaka wa 1873. Muda mfupi baadaye aliingizwa jeshini, na mwaka wa 1874 akapelekwa Kuba, ambako Uhispania ilikuwa ikipigana na wapigania uhuru wa kisiwa hicho. Alipangiwa kuhudumu katika vituo vya wagonjwa vilivyozungukwa na mabwawa. Malaria ilimshika huko, ikamkausha mwili. Mwaka wa 1875 alirejeshwa nyumbani akiwa amedhoofika. Kitu cha maana alichorudi nacho kilikuwa malimbikizo ya mshahara wa jeshi.

Mwaka wa 1877 alisafiri hadi Madrid kufanya mtihani wa shahada ya uzamifu. Huko alionyeshwa vipande vya tishu chini ya hadubini. Aliporudi Zaragoza, alifanya uamuzi uliogeuza maisha yake. Aliuchukua mshahara ule wa Kuba na kununua hadubini yake mwenyewe, akiilipia kidogo kidogo, pamoja na kifaa cha kukatia tishu vipande vyembamba. Aliviweka vyombo hivyo katika chumba cha darini, akawa mwalimu na mwanafunzi wa nafsi yake. Hakukuwa na mtaalamu wa kumwelekeza. Alisoma vitabu vichache alivyoweza kuvipata, akajaribu, akakosea na kujaribu tena. Mojawapo ya mambo yaliyomsisimua zaidi katika miaka hiyo ni kuona, kupitia kioo cha hadubini, chembe za damu zikikimbia katika mishipa ya chura aliye hai.

Mwaka wa 1878 alianza kutema damu. Alikuwa na kifua kikuu, ugonjwa ambao enzi hizo haukuwa na dawa. Alipelekwa milimani kupumzika, akapata nafuu polepole. Mwaka uliofuata alimwoa Silveria Fañanás, na maisha yao yakaanza kwa mapato madogo sana. Cajal alikuwa pia mpenzi wa upigaji picha. Alijitengenezea mabamba ya kupigia picha, na yakawa mazuri hata wapiga picha wa mjini wakataka kuyanunua. Silveria alimsaidia kuyatengeneza. Wapo waliomshauri aigeuze kazi hiyo kuwa biashara, lakini akaiacha na kurudi kwenye hadubini.

Kipindupindu cha Valencia

Mwanzoni mwa mwaka wa 1884, Cajal alihamia Valencia akiwa profesa wa anatomia. Mwaka wa 1885 mji huo ulikumbwa na kipindupindu. Serikali ya mkoa wa Zaragoza ilimtaka achunguze ugonjwa huo na chanjo iliyokuwa ikizusha mabishano wakati ule. Aliifanya kazi hiyo kwa bidii, na kama shukrani akatunukiwa hadubini ya kisasa iliyotengenezwa na kampuni ya Zeiss ya Ujerumani. Kwa mara ya kwanza alikuwa na chombo cha kiwango sawa na vile vya wenzake wa ng'ambo.

Hapo alikuwa na njia mbili. Elimu ya bakteria ilikuwa imepamba moto, na aliyeifuata aliweza kupata sifa na fedha. Lakini utafiti wa bakteria ulihitaji gharama kubwa za kufuga wanyama wa majaribio na kutunza maabara. Elimu ya tishu ilihitaji hadubini, kemikali chache na jicho lenye subira. Mtu mwenye familia inayokua na mshahara mdogo alichagua kile alichoweza kukilipia. Aidha, alianza kuandika kitabu cha kufundishia elimu ya tishu, chenye maelekezo ya kuandaa vielelezo na michoro aliyoichora kwa mkono wake, ili mwanafunzi aweze kujionea mwenyewe kile alichokisoma.

Chumvi ya Fedha na Mwaka wa 1888

Ili kuelewa alichokifanya baadaye, ni muhimu kufahamu tatizo lililowakabili watafiti wa ubongo. Kipande cha ubongo kikiwekwa chini ya hadubini bila rangi, huonekana kama uji mweupe. Kikitiwa rangi za kawaida, seli zote hupakwa pamoja, nyuzi zake zikasongamana kama nyasi za kichaka, na jicho lisiweze kuufuata uzi mmoja kutoka mwanzo hadi mwisho.

Mwaka wa 1873, daktari Mwitaliano Camillo Golgi aligundua njia ya ajabu. Yeye naye alikuwa akifanya kazi katika mazingira duni, katika jiko lililogeuzwa kuwa maabara kwenye hospitali ya wagonjwa wasiopona mjini Abbiategrasso. Aliloweka tishu katika daikrometi ya potasiamu ili iwe ngumu, kisha akaitia katika nitreti ya fedha. Chumvi ya fedha iliingia ndani ya seli chache tu, zikawa nyeusi tititi, huku jirani zake zikibaki bila rangi juu ya usuli wa manjano. Hadi leo haijafahamika kikamilifu kwa nini seli hii hushika rangi na ile huachwa. Hata hivyo, uchache huo ndio uliokuwa na faida, kwa maana seli moja iliweza kuonekana nzima, kama mti mmoja uliosimama katika uwanda.

Njia hiyo ilikuwa na kigeugeu. Mara nyingi ilishindwa, na watafiti wengi wakaipuuza. Cajal aliiona kwa mara ya kwanza mwaka wa 1887 mjini Madrid, nyumbani kwa daktari Luis Simarro. Alipigwa na butwaa. Mwaka huohuo alihamia Barcelona kuwa profesa wa elimu ya tishu, na akajitosa katika njia ya Golgi kwa nguvu zote.

Alifanya marekebisho mawili yaliyoleta tofauti kubwa. Kwanza, aliitia tishu katika kemikali zile mara mbili au hata mara tatu, badala ya mara moja. Pili, aliacha kung'ang'ania ubongo wa mnyama mzima, akachukua viinitete vya vifaranga na wanyama wachanga. Hoja yake ilikuwa nyepesi. Katika mnyama mkubwa, nyuzi za neva hufunikwa na ala ya mafuta inayozuia fedha kupenya, tena huwa ndefu na zilizosokotana. Katika mnyama mchanga ala hiyo bado haijaota, na nyuzi ni fupi. Mtu anayetaka kujua umbo la miti hana budi kuitazama ingali miche, kabla msitu haujafunga.

Mwaka wa 1888 ndio aliouhesabu kuwa mwaka wa neema kuu maishani mwake. Katika ubongo mdogo wa ndege, ile sehemu iliyo nyuma ya kichwa inayosaidia mwili kuwa na mizani, aliona nyuzi za seli fulani zikishuka na kuizunguka seli nyingine kama kikapu kinavyozunguka tunda. Zilikaribia, zikagusana, lakini hazikuungana. Kila uzi ulikuwa na mwisho wake. Alichunguza retina, akakuta hivyo hivyo. Alichunguza uti wa mgongo, na ushahidi ukawa uleule. Nadharia ya wavu mmoja, iliyotetewa na Mjerumani Joseph von Gerlach na Golgi mwenyewe kila mmoja kwa namna yake, ilianza kuyumba.

Aliona pia vijimwiba vidogo sana kwenye matawi ya seli. Wengine walidai kwamba hivyo ni uchafu wa chumvi ya fedha tu. Badala ya kujibizana nao kwa maneno, aliendelea na uchunguzi, na mwaka wa 1896 akavionyesha tena kwa rangi nyingine tofauti kabisa, buluu ya methilini. Kitu kinachoonekana kwa njia mbili zisizohusiana si rahisi kuwa uchafu wa mojawapo. Kwa hakika, hili ni somo la utafiti ambalo halijachakaa.

Uchoraji ulikuwa nusu ya kazi hiyo. Mara nyingi alitazama vielelezo kwa saa nyingi, kisha akachora kutokana na kumbukumbu, na baadaye akarudi kwenye hadubini kulinganisha na kusahihisha. Mtoto aliyenyang'anywa kalamu kwa hukumu ya mpaka rangi aliacha maelfu ya michoro ambayo bado hutumika katika vitabu vya sayansi.

Lugha Isiyosomwa

Kugundua jambo ni hatua moja, na kuaminiwa ni hatua nyingine. Sayansi ya neva wakati huo ilizungumza Kijerumani, na kwa kiasi fulani Kifaransa. Kihispania kilikuwa na mamilioni ya wasemaji na fasihi kongwe, lakini katika maabara za Ulaya hakikuhesabiwa. Cajal aliandika kwa lugha yake, na hapakuwa na jarida la nchini mwake lililoweza kuchapisha michoro yake kwa haraka aliyoitaka. Basi mnamo Mei 1888 akaanzisha jarida lake mwenyewe la elimu ya tishu. Alilihariri, akaandika sehemu kubwa ya makala, akachora picha na kulipia uchapishaji kutoka mfukoni mwake. Nakala 60 tu zilichapishwa, na karibu zote akazituma kwa wataalamu wa nchi za nje.

Majibu yalikuwa haba. Wengine hawakuweza kuzisoma, na wengine hawakuamini kwamba jambo la maana linaweza kutoka Uhispania. Alijaribu kutafsiri baadhi ya makala kwa Kifaransa, lakini shaka ilibaki. Hapo akaelewa kwamba hana budi kwenda mwenyewe. Mtaka cha mvunguni sharti ainame.

Mnamo Oktoba 1889, alitumia akiba yake kusafiri hadi Berlin kwenye mkutano wa Chama cha Anatomia cha Ujerumani. Alibeba vielelezo vyake na hadubini ya Zeiss. Kifaransa chake kilikuwa cha kubabaisha, na hakuwa na mtu wa kumtambulisha. Alipanga vielelezo juu ya meza, akaanza kuwavuta wataalamu mmoja mmoja waje kutazama. Wengi walikuja na nyuso za wasiwasi. Walipoinama kwenye kioo, waliona seli nyeusi, safi, zilizochorwa na kemikali kwa ukamilifu ambao wao wenyewe hawakuwahi kuufikia. Miongoni mwao alikuwa Albert von Kölliker, Mswisi mwenye umri wa miaka 72, aliyekuwa nguli wa elimu ya tishu barani Ulaya na aliyewahi kuegemea nadharia ya wavu. Mzee huyo alishawishika. Alimchukua Cajal, akamtambulisha kwa wenzake, akarudi kwake kuirudia njia hiyo na kuithibitisha. Tena akajifunza Kihispania katika uzee wake ili aweze kusoma maandishi ya Cajal.

Tukio hilo linastahili kuzingatiwa na kila mpenzi wa lugha. Cajal hakuacha kuandika Kihispania baada ya Berlin. Kitabu chake kikuu kuhusu mfumo wa neva wa binadamu na wanyama wenye uti wa mgongo kilitoka kwa Kihispania kati ya mwaka wa 1899 na 1904, ndipo kikatafsiriwa kwa Kifaransa. Hata hivyo, hakujidanganya kwamba mapenzi ya lugha pekee yangetosha. Alitafsiri, alisafiri, alionyesha, na aliwahimiza vijana wa nchi yake wajifunze lugha za sayansi. Thamani ya kazi ndiyo iliyoivuta dunia kwenye lugha yake, na kazi hiyo alilazimika kuibeba mikononi.

Mwaka wa 1891, Mjerumani Wilhelm Waldeyer alikusanya matokeo ya Cajal na ya wengine, akaipa seli ya neva jina la niuroni. Mwaka wa 1897, Mwingereza Charles Sherrington, aliyewahi kumkaribisha Cajal nyumbani kwake London mwaka wa 1894, aliipa sehemu seli mbili zinapokutana jina la sinapsi.

Gharama ya Nyumbani

Si haki kusimulia mafanikio haya bila kumtaja aliyeyagharimia. Cajal na Silveria walipata watoto saba. Jarida, kemikali, wanyama na safari vyote vilitoka katika mshahara uleule ulionunua mkate. Silveria ndiye aliyeubana na kuunyoosha mshahara huo, akahakikisha kwamba familia inakula na hadubini haikosi kazi. Ilikuwa Barcelona pia ambako walimpoteza binti yao mdogo, Enriqueta, kwa ugonjwa wa utando wa ubongo, katika miaka ileile ambayo babake alikuwa akifuatilia nyuzi za ubongo usiku na mchana. Wasifu wa wanasayansi aghalabu hulipita jambo la namna hii haraka. Cajal mwenyewe alikiri deni lake kwa mkewe, ingawa maoni yake kuhusu nafasi ya mke, kwamba kazi yake ni kumtumikia mtafiti, ni ya zama zake na hayawezi kukubalika leo.

Stockholm

Mwaka wa 1892 Cajal alihamia Chuo Kikuu cha Madrid. Tuzo zikaanza kumfuata. Baada ya tuzo ya kimataifa aliyopewa mwaka wa 1900, serikali iliamua kumjengea maabara, naye akaomba mshahara aliopangiwa upunguzwe kutoka peseta 10,000 hadi 6,000.

Mnamo Desemba 1906, alisimama Stockholm, Uswidi, kupokea Tuzo ya Nobeli ya tiba, akigawana na Golgi. Watu hao wawili hawakuwa wamewahi kukutana. Mmoja aliigundua njia, mwingine akaitumia kubomoa imani ya mwenzake. Golgi aliitumia hotuba yake kuishambulia nadharia ya niuroni mbele ya aliyeitetea. Siku iliyofuata Cajal alitoa yake, akaeleza ushahidi wake kwa utulivu na kutambua mchango wa Golgi. Hakimu wa mwisho alikuwa hadubini ya elektroni, iliyoonyesha katika miaka ya 1950 kwamba kati ya seli mbili za neva kuna mwanya wa kiasi cha sehemu 20 za milimita iliyogawanywa mara milioni moja. Cajal hakuwa na chombo cha kuuona mwanya huo. Aliufikia kwa hoja na subira. Ni kweli pia kwamba baadaye iligunduliwa kuwa baadhi ya seli huunganishwa na vijilango vinavyopitisha umeme moja kwa moja, lakini kanuni ya seli zinazojitegemea imesimama.

Nasaha kwa Watafiti Chipukizi

Mwaka wa 1897, alipokuwa akipokewa katika Akademia ya Sayansi ya Madrid, Cajal alitoa hotuba kuhusu kanuni za utafiti, iliyokuja kuwa kitabu kinachosomwa hadi leo. Humo aliwaonya vijana dhidi ya kuwaabudu wakubwa na kudhani kwamba kila jambo la maana limekwisha kugunduliwa. Aliorodhesha maradhi ya nia yanayowaua watafiti: yuko anayesoma kila kitabu asifanye jaribio hata moja; yuko anayekusanya vyombo vinavyong'aa asivitumie; na yuko anayejenga nadharia kubwa juu ya mchanga kwa uvivu wa kutazama. Kwake yeye, ukosefu wa maabara ya kifahari ulikuwa kisingizio mara nyingi kuliko ulivyokuwa kizuizi.

Wanafunzi wake walithibitisha maneno hayo. Miongoni mwao ni Pío del Río Hortega, aliyezitambua mwaka wa 1919 seli ndogo za ulinzi wa ubongo zinazoitwa maikroglia.

Miaka ya Mwisho na Hitimisho

Cajal alistaafu ualimu mwaka wa 1922. Silveria alifariki mwaka wa 1930. Yeye aliendelea kuandika huku nguvu zikimpungua, akakamilisha kitabu kuhusu dunia inavyoonekana na mtu wa miaka 80. Alifariki Madrid tarehe 17 Oktoba 1934. Mwaka wa 2017 hifadhi ya kazi zake na za wanafunzi wake iliingizwa na UNESCO katika orodha ya kumbukumbu za dunia.

Utafiti wa neva umesonga mbele sana tangu enzi zake, lakini mlango aliouingilia haujafungwa. Katika karne hii ya 21 kumeundwa vikuza sauti vya bei nafuu ambavyo mwanafunzi huweza kuviunganisha na mguu wa mende na kuisikia milio ya neva zake. Anayefanya hivyo huwa amefuata nyayo za mtu wa chumba cha darini.

Lililo dhahiri katika maisha haya ni kwamba Cajal hakusubiri hali iwe nzuri. Hakusubiri maabara, akanunua hadubini kwa mshahara wa homa. Hakusubiri jarida, akaanzisha lake la nakala 60. Wala hakusubiri lugha yake iheshimiwe ndipo aandike kwayo. Msomi wa Kiswahili anayejiuliza iwapo lugha hii inaweza kubeba sayansi ana jibu moja hapa, nalo ni la kutenda: ashike kitu mkononi, akitazame hadi akielewe, kisha akiandike kwa usahihi kiasi kwamba hata mgeni ataona hasara ya kutoijua lugha kilichoandikwa kwayo. Penye nia pana njia.